Kamera isilale kwenye begi

Kijana akirudi kutoka mafunzo ya picha ugenini, wiki ya kwanza kila mtu anataka apigwe picha. Wiki ya pili anakumbuka silabusi hajalipa, mitihani imekaribia, daftari za wenzake hajanakili. Kamera inalala kwenye begi. Simlaumu, nami nilisoma katika haraka hiyo hiyo.

Lakini ndugu wazazi na walimu wa Kasongo, tumwachie hata Jumamosi moja. Pamela Tulizo wa Goma alijifunza Johannesburg, kwenye Market Photo Workshop, akarudi kuwapiga picha wanawake wa kwao. Alitaka kuonyesha tofauti kati ya mwanamke anayetajwa kwenye habari za vita na yule anayemjua mtaani. Mwaka 2020 kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Dior huko Ufaransa.

Familia zilizokimbia Salamabila na vijiji vingine vya Kabambare zitanielewa. Mgeni anakuja, anapiga picha ya mtoto mwenye nguo iliyochanika, anapanda gari. Wenyewe picha hawaioni kamwe. Na wengi walikimbia bila hata picha moja ya ndoa yao, wala ya marehemu wao.

Kijana wetu aanzie hapo. Aombe ruhusa kwanza, mama avae kitenge chake kizuri, picha ichapishwe ibaki mkononi mwake. Asiyetaka uso wake uonekane aachwe, anajua anamwogopa nani. Pesa ya karatasi tuchange sisi ambao bado tunalala nyumbani kwetu.