Mali Bila Daftari

Wazee wetu waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, walikuwa wakimuasa mfanyabiashara na bidhaa zake. Lakini katika visiwa hivi hakuna mali iliyo kubwa kuliko watoto wanaoingia madarasani mwetu kila siku, wala hakuna mali ambayo daftari lake linastahiki matunzo zaidi. Leo tunataka kulizungumza jambo ambalo wengi watalihesabu kuwa ni dogo, nalo ni jalada la karatasi za mwalimu wa darasa.

Kila aliyepata kuingia katika chumba cha walimu anajua hali ilivyo. Mwalimu wa darasa ana daftari la mahudhurio, ana azimio la kazi, ana maandalio ya masomo, ana karatasi za alama za majaribio, ana barua za wazazi, ana nyaraka kutoka Wizarani, ana ratiba ya zamu, na ana orodha ya vitabu alivyovigawa. Ikiwa vitu hivi vyote vina mahali pamoja, mwalimu huwa mtawala wa kazi yake. Ikiwa vimetawanyika, nusu katika mtoto wa meza, nusu katika mkoba na nusu juu ya kabati la nyumbani, basi mwalimu huwa mtumwa wa karatasi zake, na wakati ambao angemsaidia mtoto asiyejua kusoma huishia katika kutafuta.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu walimu. Ni jambo lisilofichika kwamba skuli zetu nyingi zimekuwa zikifundisha kwa mikondo miwili, asubuhi na mchana, kwa sababu wanafunzi ni wengi na vyumba havitoshi. Chumba kimoja huwa cha walimu wawili, meza moja huwa na wenyewe wawili, na kabati moja funguo zake hushikwa na mmoja wao. Anayemaliza saa za asubuhi hana budi kuchukua karatasi zake na kuondoka nazo, juu ya baiskeli au ndani ya gari la abiria, na kwa mwalimu wa Tumbatu au Kojani, ndani ya chombo cha baharini. Mvua za masika hazimwulizi mtu amebeba nini. Chumvi ya pwani, unyevu, mende na mchwa, wote hao ni maadui wa karatasi waliokuwapo kabla yetu, na watakuwapo baada yetu.

Basi lipi la kufanya? Tunasema kwamba tiba ya kwanza haina gharama kubwa. Ni jalada moja gumu, lenye pete ndani yake, la kila darasa, lililogawanywa sehemu kwa vipande vya kadibodi. Sehemu ya kwanza iwe ya orodha ya wanafunzi. Ya pili, mahudhurio. Ya tatu, azimio la kazi na ratiba. Ya nne, alama. Ya tano, mawasiliano na wazazi. Ya sita, nyaraka za Serikali. Kila karatasi iandikwe tarehe juu yake siku ile ile inapopokelewa, kwa sababu karatasi isiyo na tarehe ni sawa na shahidi asiyekumbuka siku. Na kila mwisho wa wiki mwalimu atoe dakika kumi tu, azirudishe karatasi zilizotoka mahali pake na kuziondoa zisizohitajika tena. Haba na haba hujaza kibaba. Na karatasi moja moja isiyorudishwa mahali pake hujaza kabati zima fujo.

Katika orodha ya wanafunzi tunaomba uangalifu wa pekee. Majina yetu ni machache na watoto wetu ni wengi. Katika darasa moja si ajabu kuwakuta Juma Ali wawili na Fatma Khamis watatu. Anayeandika majina mawili tu anajitafutia balaa, kwani siku ya kujaza alama, alama za huyu zitakwenda kwa yule, na kosa hilo litakapogunduliwa huenda mtoto ameshafika mbele ya mlango wa mtihani wa taifa. Majina matatu, ya mtoto, ya baba na ya babu, pamoja na tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo katika cheti, shehia anayoishi na jina la mtu anayemlea: hayo yakiandikwa mara moja kwa usahihi, yanaokoa usumbufu wa miaka mingi.

Lakini kiini cha maneno yetu ni daftari la mahudhurio. Tarehe 23 Septemba 1964, Marehemu Mzee Abeid Amani Karume alitangaza kwamba elimu katika Zanzibar itatolewa bure, na milango ya skuli ikawa wazi kwa mtoto wa kila mtu, awe wa mkulima au wa mvuvi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1982 nayo ikaipa kazi hiyo msingi wa kisheria. Hata hivyo, tangazo wala sheria haviwezi kujua kama mtoto fulani wa darasa la tatu yumo ndani ya chumba asubuhi ya leo. Anayejua ni mwalimu mwenye kalamu na daftari. Hapo ndipo ahadi ya nchi nzima inapopimwa, mtoto mmoja baada ya mwengine.

Na watoto wetu hawapotei kwa siku moja. Msimu wa karafuu unapoingia Pemba, mikono midogo hutakiwa mashambani na majamvini. Wavuvi wanapokwenda dago, wengine huondoka na vijana wao. Mama anapougua, binti mkubwa ndiye anayebaki nyumbani kuwaangalia wadogo zake. Mtoto hukosa siku moja, kisha mbili, kisha akirudi anakuta wenzake wameshapita mbele. Anaona haya, anakosa tena, na mwisho haonekani kabisa. Anayekosa siku mbili katika kila wiki, kwa muda wa wiki 10 amekosa siku 20 kati ya 50. Hizo ni mbili ya tano ya masomo yake. Jicho la mwalimu mwenye wanafunzi wengi haliwezi kuliona jambo hilo kwa kukisia, lakini safu ya misalaba katika ukurasa wa daftari hulionyesha mara moja kwa yeyote anayetaka kuliona.

Kwa hiyo alama ya mahudhurio ina maana pale tu inapofuatwa na hatua. Karibu na ukurasa huo na uwepo ukurasa wa mawasiliano: siku gani mwalimu aliwauliza wazazi, walijibu nini, na je, sheha wa shehia ameshapewa habari? Tukilikuta jalada ambalo mtoto ameandikiwa misalaba 20 na pembeni hakuna hata neno moja, tujue kwamba hatukulikuta jalada, bali tumekuta kaburi lililoandikwa vizuri.

Jambo la pili ni la uhamisho. Mwalimu akihamishwa kutoka Unguja kwenda Pemba, au kutoka Micheweni kwenda Mkoani, aghlabu huondoka na karatasi zake kwa sababu anaziona ni zake. Anayemfuata huanza upya kana kwamba watoto hao wamezaliwa jana. Hajui nani haoni vizuri na anastahiki kukaa mbele, nani alikwama katika kugawanya, nani alifiwa na baba yake mwezi uliopita. Tunapenda kusema kwa uwazi kwamba jalada hilo ni amana ya darasa na si mali ya mwalimu. Lina wajibu wa kubaki skuli, na makabidhiano yake yafanywe mbele ya mwalimu mkuu, kwa kutia saini, kama mtunza ghala anavyokabidhi ghala. Mtoto naye anapohama, aondoke na nakala ya ukurasa wake, asiende kuanza maisha mapya ya skuli kwa ushahidi wa mdomo wake peke yake.

Na kwa kuwa ni amana, itunzwe kwa heshima. Habari za maradhi ya mtoto, za talaka ya wazazi wake au za umasikini wa nyumba yake si hadithi za barazani. Jalada lifungiwe, na lisomwe na wanaohusika tu. Mzazi aliyemweleza mwalimu siri yake kwa faida ya mtoto, kisha akaisikia sokoni, hatarudi tena kusema.

Sasa tunawageukia waheshimiwa wa ofisini, kwani maneno haya hayatakuwa ya haki yakiishia kwa mwalimu peke yake. Walimu husema, na sisi tunaona wana hoja, kwamba karatasi hazifundishi. Andalio la somo lililonakiliwa kwa mwandiko mzuri kutoka lile la mwaka jana halimfundishi mtu kitu. Limeandikwa kwa ajili ya mkaguzi. Ikiwa mkaguzi akifika anahesabu kurasa na kutia muhuri, basi walimu watazidi kumpa kurasa. Lakini mkaguzi akiketi na kusema, "Mwalimu, nionyeshe mtoto aliyekosa wiki mbili, na unieleze umefanya nini," siku hiyo jalada litageuka kuwa chombo cha kazi. Mwenye kukagua ndiye anayefundisha kitu gani kithaminiwe.

Pili, karatasi zipunguzwe. Idadi ile ile ya wanafunzi hutakiwa na mwalimu mkuu, na wilaya, na mkoa, na Wizara, na wakati mwengine na mradi fulani, kila mmoja kwa fomu yake na kwa tarehe yake. Hata katika zama hizi za kompyuta, tarakimu inayoonekana katika kioo cha ofisini ilianza kwa kalamu ya mwalimu. Ikiwa kalamu hiyo imechoshwa, tarakimu itakuwa ya kubuni, na Serikali itajenga vyumba na kununua madawati kwa hesabu ambayo haipo. Tunaishauri Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali izipitie fomu zote zinazofika skuli, izifute zinazorudia, na iweke fomu moja kwa muhula mmoja.

Tatu, jalada linunuliwe. Si haki mwalimu kununua kwa mshahara wake chombo cha kazi ya Serikali. Kila darasa lipate jalada gumu, mfuko wa plastiki wa kulikinga na mvua, na kila skuli ipate kabati lenye kufuli na mashine ya kutobolea karatasi. Ukilinganisha na gharama ya kujenga chumba kimoja cha darasa, hizi ni fedha za kununulia chumvi.

Nne, vyuo vya ualimu na vituo vya walimu vilifundishe jambo hili kwa vitendo. Kijana anayetoka chuoni hufundishwa nadharia za malezi, lakini siku yake ya kwanza ya kazi hukabidhiwa rundo la karatasi bila ya kuonyeshwa la kulifanya. Mwalimu mkongwe mwenye jalada zuri aalikwe, alifungue mbele ya wenzake, na vijana wajifunze kwa kuona.

Ndugu walimu, hatukuja kuwaongezeeni mzigo. Tunajua mnavyofanya kazi na tunajua mnachopata. Tunachosema ni kwamba mzigo uliofungwa vizuri huwa mwepesi kuliko ule ule uliolegea. Na kwa waheshimiwa tunasema: muhula mpya haujafika, muda upo, na hatua hizi nne hazihitaji tume wala mkopo. Mtoto ambaye jina lake halikuitwa leo, na kesho hakuna aliyemwuliza, hatakuja ofisini kulalamika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu unazibwa kwa kalamu ya asubuhi.