Lori Kuukuu la Jeshi na Jasho la Mbele

Dereva akiona doa jeusi la mafuta upande wa ndani wa gurudumu la mbele, aghalabu husema, "Linatoka jasho tu," akapanda akaenda zake. Kwa lori la jeshi lililokwisha zeeka, linaloteremka kutoka Kianyaga kwenda Kutus na shehena ya majani ya chai au magunia ya kahawa, jasho hilo si jambo la kucheka, kwa maana likiachwa litafika kwenye breki.

Malori ya namna hii yana historia katika nchi ya Mlima Kenya. Vita vya 1939 hadi 1945 viliwafundisha udereva na ufundi vijana wengi wa Afrika Mashariki. Waliendesha malori ya jeshi katika Uhabeshi na Burma, na waliporudi baadhi yao walinunua malori yaliyouzwa na jeshi wakaanza uchukuzi. Kiwanda cha Bedford cha Uingereza kilitoa zaidi ya malori 50,000 ya namna ya QL wakati wa vita hivyo, na tangu 1953 kikatoa namna ya RL. Katika malori hayo mashine husukuma magurudumu yote manne, na ndiyo sababu ya kupendwa kwake penye udongo mwekundu. Mvua za Machi zikishika, lori linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake hulala matopeni likingoja kukokotwa.

Lakini sifa hiyo ina gharama yake. Gurudumu la mbele lapasa kusukumwa na mashine, na papo hapo kugeuka kwa usukani. Kwa hiyo shafti yake ina kiungo kilichofungiwa ndani ya tufe la chuma, mfano wa nyonga ya mtu. Sili kubwa huzunguka tufe hilo na kulipangusa kila usukani unapogeuzwa, ili mafuta yasitoke wala matope yasiingie. Ndani zaidi mna sili ndogo, inayozuia oili ya difu isifuate shafti mpaka kwenye kiungo. Kisha iko sili ya habu, mlinzi wa mwisho kabla ya breki.

Basi kazi ya kwanza ni kujua ni sili ipi iliyokufa, na hapo ndipo mafundi wengi huharakisha mno. Tufe likiwa limelowa kwa nje, lakini dramu ya breki ni kavu, ni sili kubwa. Kama kiungo hujazwa grisi, na kinachotoka ni uji mwepesi wenye harufu kali ya oili ya gia, sili ndogo ya ndani imekwisha, na kubadilisha ile kubwa peke yake ni kumlia mwenye lori fedha zake. Viatu vya breki vikiwa vimelowa, sili ya habu ndiyo ya kutazamwa. Ila pengine ni silinda ya breki inayovuja. Tone moja katika kikombe cha maji huamua shauri hilo: mafuta ya breki ya kawaida ya siku hizi huchanganyika na maji, oili huelea.

Halafu yapasa kuuliza kwa nini sili imekufa. Juu ya ekseli pana tundu dogo la kupumulia. Likizibwa na matope, hewa ya ndani hupata moto, hutanuka, na kwa kuwa haina njia husukuma oili kupitia kwenye sili. Lori hilo likiingia mtoni na moto wake, ekseli hupoa ghafula na kuvuta maji ndani, na oili hugeuka rangi kama chai ya maziwa. Sili mpya juu ya tundu lililozibwa haitadumu. Kadhalika tufe lililopata kutu na vishimo, au shafti iliyolika mfereji pale sili inapogusa, itaitafuna sili mpya kama msasa. Fundi apitishe ukucha wake hapo. Ukikwama, chuma hicho kitengenezwe au kibadilishwe.

Kazi yenyewe huanza kwa kuzuia magurudumu ya nyuma na kuweka magogo imara chini ya ekseli. Jeki peke yake haitoshi kwa mzigo kama huo. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe kamwe, kwani laini nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, nayo huharibu mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Katika magari mengine sili kubwa hukaa vipande viwili na hubadilishwa pale pale. Katika mengine kiungo kizima hapana budi kifunguliwe, na shimu zake zirudishwe kila moja mahali pake, ama usukani utakuwa mzito. Sili ya ngozi hulowekwa kwanza katika oili. Ya mpira hupakwa mafuta mdomoni, na mdomo wenye springi huelekea kwenye oili inayozuiwa. Ipigwe polepole kwa kipande cha bomba kinachoenea ukingo wake wote, wala si kwa nyundo upande mmoja.

Wako wanaovichoma viatu vya breki vilivyolowa oili, wakaviona vikavu na kuvirudisha. Breki zikipata moto mlimani, oili iliyojificha hupanda tena juu, na lori likikanyagwa breki huvutwa upande wa gurudumu kavu. Viatu hivyo hutupwa, na vipya huwekwa pande zote mbili kwa pamoja. Dramu huoshwa, na lori hujaribiwa mahali palipo sawa, bila shehena wala taniboi nyuma, kabla ya kuonyeshwa mteremko wa Kutus.