Si Lindo Peke Yake

Kila ifikapo tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Taifa letu husimama kimya. Mkuki na ngao huwekwa, mashada ya maua hupangwa, na viongozi wa dini zote huwaombea dua waliokufa wakiilinda nchi hii. Ni desturi njema na idumu. Lakini waliokufa hawaombi kazi. Wanaoomba kazi ni waliorudi wazima, na hao tunakutana nao kesho yake, tarehe 26, wamekaa kwenye benchi nje ya afisi zetu, bahasha mkononi, wakingoja kuitwa.

Tuchukue mfano wa kijiji kimoja tu, Mgogoni, kisiwani Pemba. Huko, kama katika vijiji vingi vya Pemba, riziki hutoka katika karafuu, bahari na shamba la muhogo. Kijana anayekwenda jeshini huondoka na elimu yake ya skuli na baraka za wazee. Hurudi akiwa mtu mzima mwenye mke na watoto, na aghalabu hurudi akingali na nguvu, kwa kuwa jeshi halimweki askari wa cheo cha chini mpaka afikishe miaka 60 kama wizara inavyomweka karani. Katika miaka yake ya utumishi ameendesha malori katika njia mbovu, au ametengeneza injini, au ametunza ghala ambalo msumari mmoja ukipotea lazima uelezwe umekwenda wapi. Mwenzake ameshika mitambo ya mawasiliano. Mwingine amefunga vidonda na kudunga sindano. Wakifika afisini kuomba kazi, wote watatu hupewa jibu moja: nafasi ya ulinzi ikitokea, mtaitwa.

Sisi hatuidharau kazi ya ulinzi. Ni kazi halali, na kampuni ya ulinzi ya SUMA JKT imewapatia riziki vijana wengi waliopita katika Jeshi la Kujenga Taifa. Tunachopinga ni kuufanya mlango huo mmoja kuwa ndio mlango pekee. Fundi wa magari anapokabidhiwa tochi na rungu akalinde geti la skuli, huku gari la wilaya limelala uani miezi sita kwa kukosa fundi, huo si uhaba wa nafasi za kazi. Huo ni uvivu wa kufikiri.

Kasumba hii ina asili yake. Kila siku maelfu ya watu hununua na kuuza Kariakoo, Dar es Salaam, na wachache wanakumbuka kwamba jina hilo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika ambao Waingereza waliwabebesha mizigo ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita ilipokwisha, askari wa Kizungu waligawiwa mashamba nchini Kenya kwa mpango wa mwaka 1919. Mpagazi hakuwamo katika mpango huo. Baada ya mwaka 1945 mambo yalikuwa yale yale. Waruhiu Itote, koplo wa KAR aliyepigana Burma, alirudi Kenya akapata kazi ya kuchochea moto wa garimoshi. Baada ya miaka michache Waingereza walikuja kumjua kwa jina la Jenerali China. Mkoloni alimwona askari Mwafrika kuwa ni mikono miwili na bunduki, basi. Mkoloni ameondoka, lakini macho yake tumebaki nayo.

Sisi wenyewe tulipata nafasi ya kuyasahihisha haya. Idi Amin alipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi letu liliongezwa upesi kwa wanamgambo, polisi, askari wa magereza na vijana wa JKT. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Waliorudi walipokewa kwa ngoma, kisha wakaikuta nchi imefunga mkanda. Ile miezi 18 ya shida ambayo Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi waivumilie ikageuka kuwa miaka. Hatutaki kuihukumu Serikali ya wakati ule kana kwamba hazina yake ilikuwa imejaa. Hata hivyo, kuuliza mtu amejifunza nini huko alikotoka hakuhitaji fedha za kigeni.

Jirani zetu wa Uganda waliuliza. Kati ya mwaka 1992 na 1995 walipunguza zaidi ya askari 36,000 kwa awamu, chini ya bodi maalumu, kwa msaada wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Hawakumpa mtu nauli tu na kumwaga. Palikuwa na mabati ya kuezekea, mbegu na majembe, fedha za kuanzia maisha, na karo za watoto. Mpango ule ulikuwa na kasoro zake, lakini tangu mwanzo ulimhesabu askari pamoja na nyumba yake.

Kwetu hapa vyombo vya kuanzia vipo. VETA, upande wa Bara, huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi nje ya darasa. Zanzibar ina Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, na kwa Pemba kituo chake kimoja kiko Vitongoji. Kambi ya jeshi nayo iko Vitongoji! Je, ni jambo gani linalozuia fundi mwenye gwanda kupimwa ujuzi wake katika miezi ya mwisho ya utumishi, ili siku anayokabidhi vifaa vya jeshi aondoke na cheti ambacho karani wa Wete au Chake Chake anakijua? Ukuta wa Mirerani, kilomita 24.5, ulisimamishwa na wanajeshi na vijana wa JKT kwa muda wa miezi michache tu, ukazinduliwa Aprili 2018. Anayeweza kazi ile hashindwi na madarasa mawili ya skuli ya Mgogoni.

Najua jibu la baadhi ya wasomaji wetu. Watasema: vijana wenye shahada wamejaa mitaani, kwa nini askari apendelewe? Hapana aliyesema apendelewe. Asomwe, kama wengine wanavyosomwa. Afisa utumishi anayejua kupima cheti cha chuo kikuu ajifunze pia kupima miaka kumi na miwili ya kutunza ghala bila upotevu. Na mkuu wa idara aliyemwajiri asikae kitako na wenzake kumcheka kwa sababu anafika saa moja na nusu kamili na kusimama wima anaposalimiwa. (Kwa hili la saa, pengine sisi ndio tunaostahili kufundishwa.) Wako waliotumikia Darfur na mashariki ya Kongo, wakaona mambo yasiyosimulika chai inaponywewa. Akiwapo mmoja anayeshtuka mlango ukibamizwa, hilo ni jeraha kama jeraha jingine. Atafutiwe daktari, asiandikiwe barua ya onyo.

Tumezungumza habari za askari. Sasa tuzungumze habari za mkewe, maana huyu ndiye aliyesahauliwa kupita wote, na mara nyingi ni mwalimu.

Mwalimu wa Mgogoni aliyeolewa na askari wa JWTZ ni mtumishi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mumewe ni mtumishi wa Muungano, kwa kuwa ulinzi ni jambo la Muungano. Elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano. Mume anapopata uhamisho kwenda Tabora au Mtwara, amri moja inamtosha. Mke hana pa kupelekea ombi la uhamisho: mwajiri wake wa Zanzibar hana skuli Tabora, na mwajiri wa Tabora hamjui. Huko atakuwa mwombaji mpya, nyuma ya wahitimu wa mwaka huu, hata kama amefundisha hesabu miaka kumi na mitano. Michango yake ya uzeeni iko ZSSF. Walimu wenzake wa Bara wako PSSSF. Basi huchagua moja kati ya mawili: aache kazi amfuate mume, au abaki Pemba na watoto, mume awe mgeni wa likizo. Na akiwa askari ni mke, mume wake mwalimu hukutana na ukuta ule ule.

Hali ni ngumu zaidi kwa mjane. Tarehe 7 Desemba 2017, askari wetu wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio karibu na Beni, huko Kongo, wakitumikia Umoja wa Mataifa. Mjane wa askari aliyeacha kazi yake ili amfuate mumewe kambini hufiwa mara mbili kwa siku moja: amepoteza mume, na ajira yake aliiacha zamani.

Hatupendekezi kubadili Katiba kwa ajili ya jambo hili. Mtumishi wa umma anaweza kuazimwa na mwajiri mmoja kwa mwingine huku cheo na michango yake ikilindwa kwake. Utaratibu wa kuazimana watumishi si mgeni serikalini. Serikali zetu mbili zina kamati ya pamoja ambayo imekwisha kukaa na kumaliza hoja nzito kuliko hii. Wizara mbili za elimu na Wizara ya Ulinzi ziandike waraka mmoja: mwalimu ambaye mwenzi wake ni askari aliyehamishwa kuvuka bahari aazimwe kwa muda wote wa uhamisho huo, na arudi katika nafasi yake familia ikirudi. Na kwa kuwa mwaka wa masomo huanza Januari, mwalimu asifikie ugenini mwezi wa Machi akasubiri darasa hadi mwaka mwingine. Barua ya uhamisho wa askari inapotiwa sahihi, barua ya kumwazima mwenzi wake itiwe sahihi siku hiyo hiyo.