Viti 44 Havilishi Kisiwa

Ukizungumza habari za utalii na mtu yeyote hapa visiwani Zanzibar, awe ofisa wa wizara, mwenye hoteli au dereva wa teksi ya uwanja wa ndege, hachelewi kukwambia kwamba tunachohitaji ni watalii wachache wenye fedha nyingi. Hao wengine, atasema, wanajaza fukwe, wanabana matumizi na hawaachi kitu. Tajiri mmoja ni bora kuliko kumi kati yao. Imani hii imekita mizizi hadi hakuna anayeidai ushahidi. Mimi naidai. Na pa kuanzia ni Maldives, kwa sababu wenzetu hao wameishi nayo kwa zaidi ya miaka 50, na sasa imezaa hadi shirika la ndege.

Shirika hilo linaitwa Beond. Lilianza safari Novemba 2023, likiwapeleka wageni Malé, mji mkuu wa Maldives, kutoka Munich, Zurich na Riyadh, na linajinadi kuwa la kwanza duniani kuhudumia wasafiri wa mapumziko wa hadhi ya juu peke yao. Ndege yake ya kwanza ni Airbus A319, aina ambayo mashirika mengi huipangia viti kama 140. Beond imeweka 44, vyote vya kulala, viwili huku na viwili kule, njia ikipita katikati. Sina ugomvi na wenye shirika. Wametafuta soko lao na wanajua wanamuuzia nani. Ugomvi wangu ni na wale wanaoitazama ndege ya namna hii na kuona mkombozi wa kisiwa.

Tufanye hesabu. Tangu Desemba 2024 Maldives inamtoza mgeni anayeondoka kodi ya dola 50 akiwa daraja la kawaida, na dola 120 akiwa daraja la biashara. Kwa haraka utasema tajiri analipa zaidi ya mara mbili, na ni kweli, kichwa kwa kichwa. Lakini uwanja wa ndege haupokei vichwa kimojakimoja, unapokea ndege. Ndege ya viti 44 ikijaa inaacha dola 5,280. Ndege hiyohiyo ikiwa na viti 140 vya kawaida inaacha dola 7,000. Imetua kwenye barabara ileile, imepokewa na waongozaji walewale.

Njoo kwenye kodi ya mazingira. Tangu Januari 2025 mgeni wa hoteli ya kifahari hulipa dola 12 kwa siku, na anayelala kwenye nyumba ndogo ya wageni hulipa dola 6. Wape wote wiki moja. Wale 44 wataacha dola 3,696. Wale 140, wanaotozwa nusu, wataacha dola 5,880. Hata pale sheria ilipompendelea mgeni wa kawaida, wingi wake umemshinda tajiri.

Najua nitakachojibiwa: kodi ya mauzo ya utalii, ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17 ya bili. Hapo tajiri anashinda. Chumba cha dola 2,000 kwa usiku kinaipa hazina dola 340, na hakuna nyumba ya wageni itakayofikia hapo. Nakubali bila kinyongo. Ila fedha hiyo inakwenda hazina, na hazina iko Malé. Mvuvi wa kisiwa cha mbali ataionja siku atakapojengewa gati au zahanati, kama atajengewa. Wanaoipigia debe imani hii husema kisiwa kinafaidika, na hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Mtazame mgeni anavyopita. Anatoka nje ya jengo la wanaowasili pale Velana, uwanja wa ndege wa Malé, na kukuta safu ya vibanda, kila kimoja na jina la hoteli. Mtu mwenye sare anampokea na kuchukua mizigo. Hatua chache tu kuna gati. Anapanda boti ya kasi, au anapelekwa kwenye ndege ndogo inayotua majini, hadi kwenye kisiwa ambacho hakina mwenyeji. Kisiwa kizima ni hoteli. Nyama imetoka ng'ambo, divai imetoka ng'ambo, na wengi wa wanaompikia na kumtandikia wametoka Bangladesh, India na Sri Lanka. Anaweza kukaa siku 10 na kurudi kwao bila kukanyaga kisiwa chenye shule, msikiti na watoto wanaocheza mpira. Mfumo huu wa kisiwa kimoja hoteli moja una umri sawa na utalii wenyewe, ulioanza mwaka 1972 ilipofunguliwa Kurumba, na kwa miaka mingi mwenyeji wa kawaida hakuruhusiwa kulaza mtalii kwenye kisiwa chake.

Mlango ulifunguliwa kuanzia 2009, wakati wa Rais Mohamed Nasheed, nyumba za wageni ziliporuhusiwa kwenye visiwa vinavyokaliwa. Kisiwa cha Maafushi, kilichokuwa kikijulikana kwa jela yake, leo ni mji mdogo wa nyumba za wageni. Asubuhi mezani kuna mashuni, yaani jodari aliyechambuliwa akachanganywa na nazi, kitunguu na pilipili, na roshi ya moto ya kumegea. Jodari ametoka kwa mvuvi wa hapohapo. Mwenye nyumba ni mtu wa kisiwani, kaka yake ana boti ya kupeleka wageni kuona papa, jirani anafua mashuka. Na wageni hawa hawafiki kwa kiti cha kulala. Wanafika kwa daraja la kawaida, wamebanana magoti, wamebadilisha ndege Doha au Colombo. Hao ndio tunaofundishwa kuwadharau.

Kuna nusu ya pili ya imani hii, inayonikera zaidi: kwamba wachache huharibu kidogo. Ndege haichomi mafuta kwa kuhesabu abiria. Ukipunguza viti kutoka 140 hadi 44, mafuta yanapungua kidogo tu, na kila aliyebaki anabeba mgawo unaokaribia mara tatu. Na safari hizi zinaelekea nchi ambayo ardhi yake imeinuka wastani wa kama mita 1.5 juu ya bahari, nchi ambayo Oktoba 2009 baraza lake la mawaziri lilikutana chini ya maji likiwa na mitungi ya hewa ili dunia ione kinachowasubiri. Kuuita usafiri wa namna hii rafiki wa mazingira ni kuwakosea watu wa visiwa hivyo.

Tena ni msingi usiotegemeka. Mashirika ya ndege ya kifahari pekee yalishajaribiwa kati ya London na New York, njia yenye wasafiri wa biashara wa mwaka mzima. MAXjet ilifunga mkesha wa Krismasi 2007, Eos Aprili 2008, Silverjet Mei 2008, mafuta yalipopanda. La Compagnie ya Ufaransa ipo tangu 2014, lakini nayo inategemea New York. Njia ya mapumziko hujaa wakati wa baridi ya Ulaya na kupwaya baadaye. Atakayeilaumu Beond ikiyumba hatakuwa ameitendea haki. Wa kulaumiwa atakuwa aliyefunga mipango ya kisiwa kwenye viti 44.

Nayasema haya kwa sababu Zanzibar tunaelekea hukohuko. Tangu 2021 visiwa vidogo vinakodishwa kwa wawekezaji wa hoteli za hali ya juu, na lugha ya wachache wenye fedha imekuwa lugha ya serikali. Lakini wageni zaidi ya 700,000 waliokuja 2024 hawakuletwa na viti vya kulala. Wengi walikuja kwa ndege za kawaida, na wengine kwa za kukodi kutoka Poland na Italia. Hao ndio wanaonunua khanga Paje, wanaokula pweza Forodhani, wanaopanda daladala la Jambiani, wanaompa papasi, kijana anayetembeza wageni, mkate wake.

Shirika la kifahari likibisha hodi, lipokewe kama mfanyabiashara yeyote, lisisamehewe ada ya kutua hata senti. Kodi ya kuondoka ihesabiwe kwa nafasi inayokaliwa. Kwa hesabu ya Malé, ndege ya viti 44 ingelipa karibu sawa na ya viti 140 kama kila kiti kingetozwa dola 160, si 120. Na msamaha wowote wa ada tulionao apewe anayeleta wageni wa kulala kwenye vitanda vya wenyeji wa Nungwi, Makunduchi na Pemba.