Anayeandika Sauti za Wagonjwa Alipwe kwa Dakika

Miradi ya utafiti wa afya hapa Kolwezi, Kongo, humlipa dereva kwa siku na maabara kwa kipimo. Sisi wanafunzi tunaoandika mahojiano ya wagonjwa tunalipwa kwa faili, fupi kwa refu bei moja. Utaratibu huo ubadilike.

Kazi yetu inahitajika. Madini ya kobalti yalipogunduliwa chini ya nyumba za Kasulo, mtaa wa hapa Kolwezi, mwaka 2014, mtaa huo ukawa machimbo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa KU Leuven, Ubelgiji, walichapisha katika jarida la Nature Sustainability vipimo vya wakazi 72 wa Kasulo, 32 kati yao watoto. Kobalti ilikuwa nyingi mwilini mwao kuliko kwa wakazi wa eneo jirani. Mkojo hupimwa kwa mashine. Lakini kikohozi kilianza lini, au kama mama aliosha madini akiwa mjamzito, hayo hutoka mdomoni mwa mtu, na lazima mtu ayaandike.

Nasoma uzamili, na kazi hii ndiyo inayonilipia minervali, yaani ada ya chuo. Naifanya usiku umeme ukirudi. Wiki ya mitihani naiacha. Wenzangu wenye masikio makini na subira nawashauri waifanye. Ila wajue uzito wake: saa moja ya sauti hunila saa tano au sita. Mama anataja dawa aliyopewa mtoto, lori la madini linapita, jina linamezwa. Narudisha nyuma, nasikiliza tena: amoksisilini au ampisilini? Nisiposikia naandika “haisikiki” na dakika yake, sibuni. Programu za kompyuta nimezijaribu, lakini mtu akianza kwa Kiswahili chetu na kumalizia kwa Kifaransa, zinavuruga.

Mradi mmoja ulinilipa kiasi kilekile kwa faili la dakika 20 na la dakika 90. Hapo anayeumia si mimi tu. Anayelipwa kwa faili hukimbilia mafupi na kulipua marefu, na mgonjwa mwenye mengi ya kusema ndiye anayeandikwa vibaya.

Kuna pia suala la siri. Niliwahi kutambua sauti ya jirani wa avenyu yetu akieleza ugonjwa wake. Nilisimamisha na kuomba faili lipewe mtu mwingine, ingawa hakuna aliyewahi kunielekeza la kufanya.

Kwa hiyo nasema: malipo yawe kwa dakika ya sauti, mkataba uandikwe kabla ya kazi, na ndani yake iwemo namna ya kutunza na kufuta sauti. Kamati za maadili za vyuo vyetu zina uwezo wa kulisimamia hili. Utafiti usioonyesha fungu la waandishi katika bajeti yake usiidhinishwe.