Kadi ya Zaka Juu ya Jeneza

Shangazi yangu alifagia kanisa la kijijini kwetu kila Jumamosi, miaka ambayo hakuna aliyeihesabu. Magoti yalipomkataa aliacha kufagia, shamba lake likaota magugu, na kadi yake ya zaka ikabaki tupu miaka mitatu. Siku ya kumzika, jeneza likiwa chini ya turubai na mvua inanyesha, kiongozi wa kanisa alituita pembeni sisi watoto wa ndugu zake. Akafungua daftari. Ibada hakuna, akasema, mpaka malimbikizo yalipwe. Tukapitisha kofia kwa waombolezaji, watu waliokuja msibani na kibaba cha unga na kuni mbili tatu. Huyu akatoa mia tano, yule elfu moja. Hesabu ilipotimia daftari likafungwa, na kengele ikapigwa.

Hasira ya kofia ile ninayo hadi leo. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa na nitazikwa Mkristo, na kwa sababu hiyo sinyamazi ninapoambiwa kwamba mambo ndivyo yalivyokuwa tangu mitume. Si kweli. Kanisa la mwanzo lilikuwa na sanduku la fedha, na kazi mojawapo ya sanduku lile ilikuwa kuwazika maskini.

Shahidi wangu ni Mwafrika. Tertullian wa Carthage, mji uliokuwa katika Tunisia ya leo, aliandika utetezi wa Wakristo yapata mwaka 197, akiwaeleza watawala wa Kirumi mikutano ya waumini ilivyokuwa. Alisema kila mmoja huleta kidogo mara moja kwa mwezi, akitaka, na akiwa nacho, halazimishwi mtu. Kisha akataja fedha hiyo inakokwenda: kulisha maskini na kuwazika, kuwatunza yatima, kuwasaidia waliovunjikiwa na merikebu na waliofungwa migodini na visiwani kwa ajili ya imani. Tena akataja wazee ambao hawawezi kutoka nyumbani.

Wazee ambao hawawezi kutoka nyumbani! Kila nikifika hapo namwona shangazi juu ya mkeka wake. Katika Kanisa la Tertullian jina lake lingekuwa katika orodha ya wanaopelekewa. Kwetu lilikuwa katika orodha ya wadaiwa.

Na Tertullian hakuwa peke yake. Miongo kadhaa kabla yake Aristides wa Athene alimwandikia Kaisari kwamba maskini wa Kikristo akifa, anayemwona hushughulikia maziko yake kwa kadiri ya uwezo. Na kama yuko mwenye njaa nao hawana ziada, hufunga siku mbili tatu ili apate chakula. Mwaka 251 hivi Cornelius, askofu wa Roma, aliandika kwamba kanisa lake linawatunza wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Hata adui alikiri. Kaisari Julian, aliyetaka kuirudisha miungu ya zamani, alimwandikia kuhani wake mkuu wa Galatia mwaka 362 akilalamika kwamba Wakristo wanawalisha maskini wao na wa wengine pia. Alipotafuta kilichoieneza imani hiyo, miongoni mwa mambo aliyoyataja ni jinsi wanavyohangaikia maziko ya wafu wao.

Basi sisi tumefikaje kwenye daftari juu ya jeneza?

Zaka ya lazima ilikuja polepole. Sitaficha kwamba Cyprian, askofu wa Carthage katika karne ya 3, aliufananisha utunzaji wa makasisi na zaka waliyopewa Walawi. Lakini sheria yenye meno ni ya baadaye sana. Maaskofu wa Gaul, nchi ambayo leo ni Ufaransa, walikutana Mâcon mwaka 585 wakaamua kwamba anayekataa kutoa zaka atengwe na Kanisa. Mwaka 779 mfalme Charlemagne akaifanya amri ya dola. Hata pale Mâcon walisema fedha hiyo iwasaidie maskini na kuwakomboa mateka. Sisi tumeirithi adhabu yao, mateka na maskini tukawaacha njiani.

Ndugu zangu wa makanisa ya uamsho msichekelee, kwenu hali ni mbaya zaidi. Fundisho la kupanda mbegu, kwamba noti unayoiweka madhabahuni itakurudia imezidishwa, lilienezwa sana na mhubiri wa Marekani, Oral Roberts, ambaye kitabu chake juu ya mbegu ya imani kilitoka mwaka 1970. Kwa umri, fundisho hilo ni dogo kuliko shangazi yangu. Na mnaloliita agano la tangu zamani kati ya Mungu na wahubiri, yaani mhubiri kudai fedha kwa jina la Roho, lilikwisha kupigwa marufuku na Didake, mafundisho ya Kanisa ambayo wanazuoni wengi huyaweka kati ya mwisho wa karne ya 1 na mwanzo wa karne ya 2, na ambayo nakala yake iligunduliwa Constantinople mwaka 1873. Humo mtume mgeni anayekaa siku tatu ni nabii wa uongo. Akiomba fedha wakati wa kuondoka, ni nabii wa uongo. Anayesema kwa Roho, nipeni fedha, asisikilizwe, isipokuwa anawaombea wengine wenye shida. Malimbuko apewe nabii wa kweli, na kama hamna nabii, wapewe maskini. Wangapi kati ya wanaosimama kwenye majukwaa yetu wangelala hata usiku wa pili katika kanisa lile?

Mtaniletea Malaki sura ya 3 aya ya 10, najua. Haikosi kusomwa kapu linapopita. Rudini nyuma aya tano tu. Katika aya ya 5 Mungu huyo huyo anasema atawashtaki wanaomdhulumu kibarua ujira wake, na wanaomwonea mjane na yatima. Katika maisha yangu yote kanisani sijaisikia ikihubiriwa siku ya zaka. Someni na Kumbukumbu la Torati sura ya 14: kila mwaka wa tatu zaka ilibaki mijini ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Mjane alikuwa mlaji wa zaka. Nani aliyemgeuza kuwa mlipaji, na kwa kibali cha nani?

Kasisi lazima ale. Bati huvuja, katekista ana watoto wanaokwenda shule, na mtenda kazi anastahili ujira wake. Nakubali yote, na ninatoa, na nitaendelea kutoa. Ila Paulo, aliyelitetea jambo hilo kwa nguvu zote, alishona mahema Korintho kwa mikono yake ili asimlemee mtu. Alipochangisha fedha kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu, aliwaandikia Wakorintho kwamba kila mtu atoe alichokusudia moyoni, wala si kwa kulazimishwa.

Padri, mchungaji, mzee wa kanisa, katibu wa jumuiya: Jumapili ijayo, baada ya matangazo, tusomeeni kiasi gani cha zaka ya mwaka jana kilikwenda kwa wajane, wagonjwa na yatima wa parokia au usharika huu. Tutajieni kiasi hicho mbele ya waumini wote, kwa sauti ile ile mnayotumia kuwataja wasiolipa. Na mkiitwa msibani, njooni na Biblia na maji ya baraka. Daftari liacheni ofisini.