Hofu ya Kuanguka Tena
Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 684,000 hufariki kila mwaka kwa kuanguka, idadi kubwa zaidi ikiwa ya wenye umri unaozidi miaka 60. Lakini hasara isiyotazamwa ipasavyo ni ya mzee anayeishi peke yake, aliyeanguka bila kuvunjika mfupa, ambaye tangu siku hiyo hutembea akishika ukuta, huacha kwenda sokoni na hatimaye hushinda kitini. Hofu hiyo huleta balaa lilelile inaloliogopa, kwa kuwa misuli ya mapaja isiyotumika hunywea, msawazo wa mwili, yaani uwezo wa kusimama na kutembea bila kuyumba, hupungua, na hatari ya kuanguka tena huongezeka. Kumwambia mzee huyo atulie asihangaike ni huruma inayomdhuru. Programu ya Otago, iliyobuniwa New Zealand, humfundisha mazoezi nyumbani kwake, kama vile kuinuka kitini bila kujisaidia kwa mikono na kutembea akigusanisha kisigino na vidole vya mguu mwingine, na katika majaribio yake visa vya kuanguka vilipungua kwa takriban asilimia 35.